Picha za Mwanga Usioonekana: Vifaa vya Kununua kwa Simu, na vya Kuacha



Siku hizi ni nadra kuingia nyumba isiyokuwa na simu yenye kamera, na vijana wetu wengi wamekuwa hodari wa kupiga picha. Bila ya shaka baadhi yenu mmekwisha kuona picha za ajabu ambazo ndani yake minazi na mikarafuu imekuwa meupe kama iliyopakwa chokaa, mbingu imekuwa nyeusi, na bahari nayo nyeusi kama wino. Hizo huitwa picha za infraredi. Mwenye kuzitamani huambiwa kwamba akinunua kifaa kidogo cha kubana juu ya simu yake, naye ataweza kuzipiga. Na wako wanaozidisha wakasema kwamba kifaa hicho hicho kitamwonyesha mkulima mti mgonjwa kabla jicho halijautambua.

Katika maneno haya yamo ya kweli na yamo yasiyokuwa ya kweli. Pesa za kununulia ni za mwanachama mwenyewe, tena ni za jasho. Basi yafaa ajue kabla hajazitoa. Jambo moja kubwa la kushika katika makala haya ni hili: kifaa hakiipi simu jicho jipya. Kinachoona ni simu. Kifaa kazi yake ni kuzuia mwanga usiotakikana tu. Ikiwa simu yako haiuoni mwanga wa infraredi, hapana filta duniani itakayoifanya iuone.

MWANGA HUU NI NINI?

Mwaka 1800, huko Uingereza, mtaalamu wa nyota aitwaye William Herschel aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukagawanyika rangi zake kama upinde wa mvua. Akaweka vipimajoto katika rangi hizo. Kimoja akakiweka nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, na hicho ndicho kilichopanda zaidi. Akafahamu kuwa upo mwanga ambao jicho la mwanadamu halikupewa uwezo wa kuuona. Huo ndio infraredi.

Wataalamu huupima mwanga kwa nanomita, yaani sehemu moja katika milioni moja ya milimita. Jicho letu huona kuanzia kiasi cha nanomita 400, ambayo ni rangi ya zambarau, mpaka kiasi cha 700, ambayo ni nyekundu ya mwisho. Kupita hapo jicho ni kipofu. Lakini kile kibamba kidogo kilichomo ndani ya kamera, kinachopokea mwanga, chaweza kuona mpaka karibu nanomita 1,100. Nafasi hii baina ya 700 na 1,100 ndiyo inayotuhusu.

Mwaka 1910 Mmarekani Robert Wood alitoa picha zilizopigwa kwa mwanga huu, na watu wakastaajabu kuona miti meupe. Sababu yake si uchawi. Ukijani wa jani hula mwanga mwekundu na wa buluu ili kulitengenezea jani chakula. Infraredi hauuhitaji. Basi mwanga huo huingia ndani ya jani, ukagonga kuta za chembe zake na vijinafasi vya hewa vilivyomo baina yao, ukarudishwa nje kwa wingi. Maji, kinyume chake, huumeza. Ndiyo maana jani likawa jeupe na bahari ikawa nyeusi.

KWANZA IJARIBU SIMU YAKO

Watengenezaji wa simu hawapendi infraredi iingie katika kamera, kwa kuwa huharibu rangi za picha za kawaida. Kwa hiyo huweka mbele ya kile kibamba kioo chembamba cha kuizuia. Simu nyingine huzuia kwa nguvu sana, nyingine huacha kidogo kipenye. Hata katika simu moja, kamera ya mbele na ile ya nyuma aghlabu hazilingani, na mara nyingi ya mbele ndiyo inayoona zaidi.

Jaribio lake ni la bure. Chukua rimoti ya televisheni, ingia chumba chenye giza, fungua kamera ya simu, kisha ielekeze ile taa ndogo iliyo kichwani mwa rimoti kwenye kamera, ukibonyeza kitufe bila ya kuachia. Tazama kioo cha simu. Ukiona taa inawaka, nyeupe au ya zambarau, kamera hiyo inaona infraredi. Fanya hivyo kwa kila kamera ya simu yako, moja baada ya moja. Ikiwa hapana inayoona kitu, jaribu kwa simu nyingine kabla hujahukumu, kwani ziko rimoti za kisasa zisizotumia infraredi kabisa.

Taa ikionekana kwa nguvu, simu yako yafaa. Ikionekana kwa mbali, yafaa lakini itataka subira na stendi. Isipoonekana kabisa, weka pesa zako mfukoni. Taa ya rimoti aghlabu hutoa mwanga wa kiasi cha nanomita 940, na yawezekana simu isiyoiona ikauona kidogo ule mwanga ulio karibu zaidi na nyekundu. Lakini hilo lijaribu kwa filta ya kuazima, si ya kununua.

FILTA

Filta ni kioo cheusi au chekundu sana kinachozuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi. Huuzwa kwa namba, na namba hiyo ni ile nanomita ambayo filta huanza kupitisha mwanga. Zilizo mashuhuri ni 590, 665, 720, 850 na 950.

Filta za 590 na 665 huacha rangi nyekundu nyingi ipite. Hizo ni za kamera zilizofunguliwa na kuondolewa kile kioo cha ndani. Katika simu ya kawaida zitakupa picha nyekundu tu. Filta za 850 na 950 hupitisha infraredi tupu, lakini huko ndiko simu nyingi zinakozuia kwa nguvu zaidi, na aghlabu utapata giza. Kwa simu ambayo haikufunguliwa, namba ya kuanzia ni 720. Filta mashuhuri ya namba hiyo ni ile iitwayo Hoya R72. Wapiga picha wa zamani waliotumia filta za Kodak waliijua mfano wake kwa jina la Wratten 89B. Ziko na za makampuni mengine kwa bei nafuu. Lakini usinunue filta isiyoandikwa namba yake.

Baada ya namba, angalia kipimo na namna ya kukaa. Filta hufungwa kwa skrubu katika kibanio, na kibanio hubana ubavu wa simu. Vibanio vingi ni vya filta ya milimita 37. Viko na vikubwa zaidi, vya 52 au 58. Kabla ya kununua hakikisha mambo matatu.

La kwanza, kibanio kifike juu ya kamera unayoitaka. Kamera nyingine ziko katikati ya simu na vibanio vifupi havifiki.

La pili, filta ikae karibu sana na kioo cha kamera. Mwanga wa kawaida ukipenya pembeni, picha imeharibika. Kipete cha kitambaa cheusi kinene, kilichokatwa kwa mkasi na kuwekwa baina ya filta na simu, huondoa udhia huo bila ya gharama.

La tatu, simu yenye kamera mbili au tatu kwa nyuma ina desturi ya kubadili kamera yenyewe ikiona giza. Unaweza ukadhani unapiga kupitia filta, kumbe simu imehamia kamera ya jirani. Ikiwa haiwezi kuzuiliwa, tumia filta kubwa ya kuzifunika zote.

Ukishapata filta, utajuaje kama picha ni ya infraredi kweli, na si picha nyekundu ya kawaida? Shahidi ni majani. Toka nje wakati wa jua kali, piga picha ya mti wenye majani mabichi na mbingu ya buluu nyuma yake, kisha iondoe rangi ibaki nyeupe na nyeusi. Majani yakiwa meupe na mbingu ikawa nyeusi, umefanikiwa. Majani yakiwa meusi, basi kinachoingia ni mwanga mwekundu tu, na simu hiyo haifai kwa kazi hii.

Mwenye kutaka kujaribu bila ya kununua, na ambaye nyumbani kwao kumebaki filamu za slaidi za zamani, aweza kukata ile ncha nyeusi kabisa ya filamu iliyokwisha kusafishwa. Ncha hiyo huzuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi. Picha haitakuwa safi, lakini yatosha kuonyesha kama simu yafaa.

STENDI NDIYO MALI

Filta ikishazuia mwanga wa kawaida, simu hubakiwa na mwanga mdogo sana, ingawa jua linawaka. Hapo kamera hulazimika kufungua jicho lake kwa muda mrefu, pengine sekunde nzima au zaidi. Hapana mkono wa mwanadamu uwezao kutulia kiasi hicho. Kwa hiyo stendi ya miguu mitatu si pambo katika kazi hii. Bila yake picha nyingi zitakuwa ukungu.

Chagua stendi yenye miguu inayotanuka vizuri na isiyoyumba, na kishikizo cha simu chenye skrubu madhubuti. Stendi nyepesi sana hutikiswa na upepo. Itundikie katikati mfuko wa mchanga au mawe. Tumia ile saa ya simu ya kuchelewesha picha kwa sekunde 3 au 10, ili usiitikise simu kwa kidole. Kitufe kidogo cha Bluetooth hufanya kazi hiyo hiyo, lakini saa ya simu ni ya bure.

Ikiwa una pesa za kununua kitu kimoja tu, nunua stendi. Filta ikishindwa, haina kazi nyingine. Stendi itakupigia picha za arusi, za watoto na za machweo ya jua miaka mingi.

Kuhusu programu, simu nyingi huja na sehemu ya kamera inayomruhusu mpigaji kuweka mwenyewe muda, wepesi wa kupokea mwanga, na rangi. Itafute hiyo kabla hujanunua programu ya kulipia. Ukiweza, pima weupe wa picha kwa majani mabichi badala ya karatasi nyeupe. Wekundu mwingi utapungua. Tena kumbuka kuwa wakati mwema wa kazi hii ni mchana wa jua kali, ambao katika picha za kawaida huukimbia. Ngoja upepo utulie, kwani majani yanayochezacheza hayatoki vizuri.

Taa za infraredi, zile za nanomita 850 au 940 zinazotumika katika kamera za ulinzi, hazina haja kwa anayeanza. Jua ni taa kubwa, na haliombi umeme. Taa za nyumbani za LED takriban hazitoi infraredi kabisa, kwa hiyo usitaraji kupata picha kwa taa hizo.

KAMERA YA JOTO NI KITU KINGINE

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea njia, kwa sababu wauzaji hutumia neno hilo hilo moja. Tangu mwaka 2014, makampuni ya FLIR na Seek Thermal yalipotoa kamera ndogo za kuchomeka katika simu, vimekuwapo vifaa vinavyoonyesha joto la vitu. Navyo huitwa vya infraredi, na ni kweli, lakini ni infraredi ya mbali: nanomita 8,000 mpaka 14,000. Mwanga huo haupiti hata katika kioo cha kawaida. Lenzi za kamera hizo hutengenezwa kwa madini mengine, kama germani, na kibamba chake si kile cha simu.

Kifaa hiki hakitakupa minazi meupe na bahari nyeusi. Kitakuonyesha waya wa umeme uliopata moto, bati la paa linalochoma, au ukuta wenye unyevu. Tena picha yake ni ndogo. Kamera ya joto ya nukta 160 kwa 120 ina nukta 19,200 tu, hali kamera ya kawaida ya simu ina nukta milioni 12 au zaidi. Bei yake ni mbali na bei ya filta. Mwenye haja nacho na akinunue, lakini ahakikishe kuwa plagi yake yaingia katika tundu la chaji la simu yake, iwe ni Taipu C au Lightning, na kwamba programu yake yakubali simu hiyo, na kuwa huchomeka hata simu ikiwa ndani ya kava. La sivyo itabidi kava livuliwe kila mara.

JE, PICHA YAWEZA KUMWONYESHA MKULIMA MTI MGONJWA?

Asili ya maneno haya ni ya kweli. Mwaka 1956 mtaalamu Robert Colwell wa California alitoa maelezo ya namna picha zilizopigwa kutoka katika ndege, pamoja na zile za filamu ya infraredi, zinavyoweza kutambulisha maradhi ya ngano na nafaka nyingine. Na tangu mwaka 1972 satalaiti za Landsat zimekuwa zikiitazama mimea ya dunia kwa mwanga huo pia. Lakini kutoka hapo mpaka filta ya simu ni safari ndefu, kwa sababu tatu.

Kwanza, wataalamu hawatazami infraredi peke yake. Huipima pamoja na mwanga mwekundu, wakalinganisha moja kwa nyingine. Jani linalokauka laweza bado kurudisha infraredi nyingi. Kinachobadilika mapema ni wekundu, kwa kuwa ukijani umepungua. Picha nyeupe, basi, si cheti cha afya.

Pili, simu hujirekebisha yenyewe kila picha. Mti ule ule waweza kuonekana mweupe leo na wa kijivu kesho kwa kuwa wingu limepita, na wewe ukadhani mti umeugua. Wataalamu huweka kibao cha rangi inayojulikana katika kila picha ili wapate kulinganisha.

Tatu, majani hayafanani hata katika mti mzima wa afya. Kila mkulima anayajua majani machanga ya mkarafuu yalivyo mekundu-mekundu. Hayo hayatatoka sawa na majani makubwa ya kijani, wala si ugonjwa. Kinyume chake, maradhi yanayoanzia mizizini yaweza kuwa yamekwisha kufanya kazi yake chini ya ardhi, na majani bado hayajasema neno.

Kwa hiyo hapana mwanachama anayepaswa kukata mti, au kuumwagia dawa, kwa hukumu ya picha ya simu. Mkarafuu hungojewa miaka mingi mpaka uzae, na shoka halirudishi. Ukiona mti una dalili, mwite Bwana Shamba. Picha mwonyeshe ukitaka, ipate kumsaidia kujua mti uko wapi, lakini jicho lake na kisu chake cha kuchunia gome ndivyo vya kutegemea.

HATARI NA ADABU

Usilitazame jua kupitia filta ya infraredi, wala kupitia ile ncha ya filamu. Kwa kuwa ni nyeusi, mtu hudhani inamkinga. Lakini infraredi inapita yote, na jicho laweza kuungua bila ya kusikia maumivu. Waonyeni watoto khasa.

Jambo la pili ni la heshima. Baadhi ya nguo na plastiki nyembamba hupitisha mwanga huu. Mwaka 1998 Sony ililazimika kuzibadilisha kamera zake za video za kuonea usiku ilipojulikana kuwa mchana, zikitiwa filta, zaweza kuona kupita baadhi ya nguo. Mwaka 2020 kamera ya simu ya OnePlus 8 Pro ilizua maneno ya namna hiyo hiyo, na kampuni ikaizuia. Picha za infraredi basi ziwe za miti, mawingu, bahari na majumba. Watu wasipigwe bila ya ridhaa yao. Na mwenye kukataa asiulizwe sababu.

KWA UFUPI

1. Jaribu simu kwa rimoti. Gharama: hapana.
2. Azima filta ya 720 kwa mwenye nayo, uwaulize majani.
3. Nunua stendi na kishikizo madhubuti.
4. Kisha nunua kibanio na filta ya 720 yenye namba iliyoandikwa, inayofika juu ya kamera yako.
5. Tumia programu iliyomo katika simu kabla ya kulipia nyingine.
6. Taa, na filta za namba nyingine, ziache kwanza.
7. Kamera ya joto inunuliwe kwa kazi ya joto tu.
8. Usikubali simu yako ifunguliwe ili kutolewa kioo cha ndani, ila ikiwa ni simu kuukuu uliyoiweka kwa kazi hiyo peke yake. Rangi za picha za kawaida hazitarudi kama zilivyokuwa.

Tena filta haichakai kwa kutazamwa. Wanachama watano wa mtaa mmoja waweza kuchanga wakanunua filta moja nzuri, wakapokezana, badala ya kila mmoja kununua mbovu yake. Na kila mmoja aandike alichotoa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.